Kwaya ya akina mama ibaki ya akina mama

Kwenye kwaya yetu hapa Kigoma kuna mjadala mkali, wengine wanataka turuhusu wanaume wajiunge, Jumapili baada ya ibada tuna kikao cha kuamua na mimi nataka niyaseme ya moyoni kabla, maana kikaoni ukianza tu kueleza umeshakatizwa.

Mimi nasema hapana. Wanaoomba ni waume zetu na kaka zetu, na sauti wanazo nzuri tu, sina ugomvi nao.

Ila tuongelee muziki wenyewe jamani. Sisi tunaimba sauti tatu, zote za kike. Ile ya tatu wanaishika wamama wenye sauti nzito, wanashuka mpaka noti ya so ya chini na ndio wanaobeba wimbo. Sasa mwanaume hata akishika melodi ile ile ya sauti ya kwanza, kwake inatoka oktava nzima chini, yaani do yake ni ile do ya chini ya yetu, anakuwa kapita chini ya wale wamama, kilichokuwa msingi wa wimbo kinabaki katikati na hakisikiki tena. Itabidi nyimbo zote zipangwe upya kwa sauti nne, na hao wamama waende wapi? Wakiambiwa wapande sauti ya pili wanakwama, wakiwekwa kwenye tenor, ile sauti ya juu ya wanaume, wanafunikwa. Tunaye mmoja anauza mawese sokoni Mwanga, huko kwenye kwaya ya mchanganyiko alikuwa anasimama nyuma anachezesha midomo tu, leo kwetu akishusha ile amina ya mwisho kanisa zima linatulia. Huyo mama siko tayari kumrudisha nyuma.

Halafu ratiba. Wengi wetu tunaishi kwa dagaa, Kibirizi na Katonga huko, usiku wa giza mitumbwi inatoka na taa zake, kukicha mama yuko kwenye vichanja anaanika, mazoezi hawezi kuja. Mbalamwezi ikiwaka uvuvi unalala, ndio tunafanya mazoezi kila jioni na watoto mgongoni, na hakuna anayemnunia mtu. Nani mwingine atakubali kalenda ya namna hiyo?

Na uongozi, hapa nasema wazi. Kwaya za mchanganyiko nilizopitia mimi mwenyekiti mwanaume, mwalimu mwanaume, kinanda mwanaume, mama anashika hela na kupika chai ya wageni. Kwetu binti mmoja amejua kinanda kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kukaa pale, ilibidi ajifunze na amejifunza kweli.

Wanaosema huu ni ubaguzi nawaelewa, ingekuwa ndio kwaya pekee kanisani ningewaunga mkono kabisa. Lakini kwaya kuu ipo na iko wazi kwa wote. Hata kule Uingereza, kanisa kuu la Salisbury lilikuwa na kwaya ya wavulana karne na karne, 1991 walipotaka wasichana nao waimbe waliwaanzishia kwaya yao. Na wanaume peke yao wanaweza sana, waangalieni Ladysmith Black Mambazo wa Afrika Kusini, wanaume watupu, besi zimejaa, dunia nzima inawajua.

Kwa hiyo kaka zetu waanzishe yao, Krismasi na Pasaka tuungane tuimbe wote. Wakitaka mtu wa kuwaanzisha kusoma nota nipo, na ukumbi Jumanne na Alhamisi hauna mtu.