Bustani ya Mikindani, hatua ya pili: ukuta wa kuazima ghuba

Kiwanja ni mita 12 kwa 9, kwenye mteremko unaotazama ghuba. Kati ya baraza na maji kuna barabara na mapaa ya bati. Ukuta unatakiwa ufiche hivyo viwili tu, bustani ionekane inaishia majini.

Wiki ya 1, vipimo. Kimo cha ukuta huamuliwa na jicho la aliyekaa barazani, hapa sentimita 120 kutoka sakafuni. Fundi akipima kwa jicho lake amesimama, ukuta utakuwa mrefu mno na utaziba maji ukikaa. Mmoja akae, mwenzake apandishe fito mpakani hadi ncha ifunike bati. Tia alama, rudia kila mita 1.5. Fito 7 zimetoa sentimita 62 hadi 81. Tumechukua 70; pembeni bati linapochungulia patapandwa mkadi, unaostahimili upepo wa chumvi. Pima maji yakijaa, kisha yakipwa. Siku za bamvua tofauti inazidi mita 3, na tope lenye mikoko linaloachwa wazi nalo ni sehemu ya mandhari, lisizibwe.

Wiki ya 3, kujenga. Mawe ya matumbawe, unene sentimita 40: mita za ujazo 2.5 juu ya msingi. Chokaa iliyozimwa ndoo 14 za lita 20, mchanga ndoo 42. Mchanga uwe wa mto. Wa pwani una chumvi, na chumvi ndiyo inayobabua lipu. Saruji tumeikataa kabisa, maana hufungia unyevu ndani ya jiwe.

Lipu ya kwanza ilipasuka nyufa nyembamba kama nywele: kusi iliikausha kabla haijashika. Imekwanguliwa yote. Ya pili ni tabaka la milimita 8, ikafunikwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku 5, maji asubuhi na jioni. Haina ufa.

Wiki ya 6, rangi. Hapa ndipo bustani inapojifunza kwa wachoraji. Kilicho mbali hupauka na kuelekea bluu, kwa hiyo cha karibu kikikolezwa, mbali huzidi kuwa mbali. Henry Hoare alipotengeneza bustani ya Stourhead, Uingereza, katika karne ya 18, alikuwa na picha za mchoraji Claude Lorrain akilini: miti yenye giza mbele, maji yenye mwanga nyuma. Kwetu giza la mbele ni udongo mwekundu wa uwanda wa Makonde, uliochujwa kwa kitambaa na kukorogwa katika maji ya chokaa. Kwa ndoo ya lita 10 tumejaribu vikombe 1, 2 na 4. Cha 1 kimetoa waridi hafifu. Vya 4 vinabaki mkononi ukipangusa, udongo umezidi chokaa. Viwili vimeshika. Usihukumu rangi kabla ya siku 3. Ikiwa mbichi inatisha kwa wekundu, ikikauka hupauka sana.

Mikadi na asumini zinasubiri mvua za Desemba.