Kwa baiskeli hadi barabara inapokatika

Ukitaka kuendesha baiskeli pwani ya mashariki ya Korea Kusini, elekea kaskazini. Huku magari hupita kulia, kwa hiyo bahari inakuwa upande wako njia nzima, na hakuna gari la kukukinga nayo. Jana nilitoka Sokcho nikanyonga pedali hadi Goseong, wilaya ya mwisho kabla ya mpaka na Kaskazini. Mapaja yananiuma, lakini nataka kuandika kabla mambo hayajaanza kupotea.

Nililala Abai, mtaa wa wavuvi ulio kwenye mchanga mbele ya bandari ya Sokcho. Waliouanzisha ni wakimbizi kutoka Hamgyong, mkoa wa mbali kule Kaskazini, waliokimbilia huku wakati wa vita vya 1950 hadi 1953. Walijenga vibanda juu ya mchanga wakijua watakaa kidogo tu, vita vikiisha warudi kwao. Kutoka pale unavuka mfereji kwa gaetbae, pantoni bapa isiyo na injini. Waya mnene wa chuma umevutwa toka ng'ambo hadi ng'ambo. Unaishika kulabu, unaing'atisha kwenye waya, unarudi kinyumenyume ukivuta, unaichomoa, unakwenda mbele unaanza tena. Mzee aliyekuwa kazini alinikabidhi kulabu ya pili bila maneno, tukavuta pamoja hadi upande wa pili.

Njia yenyewe haipotezi mtu. Mstari wa buluu umechorwa kwenye lami, unaufuata tu, na kila baada ya masafa kuna kibanda chekundu chenye mhuri ndani. Unapiga mhuri kwenye kijitabu chako unaendelea. Wakorea wa rika zote wana vijitabu hivyo. Nimepishana na mabibi wa miaka sabini hivi, wamejifunika uso kwa vitambaa dhidi ya jua, wanapanda mlima kwa gia nyepesi bila haraka. Nikawasalimia, wakanijibu kwa sauti kubwa: jikaze!

Bongpo, Ayajin, Gajin. Bandari ndogondogo, kila moja na minara yake ya taa, mmoja mwekundu na mmoja mweupe, na samaki bapa walioanikwa kwenye nyavu. Maji yana rangi ambayo mtoto wa Tanga kama mimi hahitaji kuelezwa. Ila baridi! Na kando ya ufuo, mahali pengine, seng'enge. Uzio wa jeshi, mrefu kuliko mtu, una miiba juu, umeshika kutu kwa chumvi. Sehemu nyingi umeng'olewa miaka ya karibuni, lakini si kote. Una sababu zake: mwaka 1998 nyambizi ndogo ya Kaskazini ilinaswa na nyavu za wavuvi hapo hapo nje ya Sokcho. Mchangani, nyuma ya seng'enge, haedanghwa zilikuwa zimechanua, mawaridi ya waridi ya ufukweni, na harufu yake ilinifikia barabarani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwenye daraja la Bukcheon nilishuka kwenye baiskeli. Ni daraja la zamani la reli, lililojengwa enzi za Wajapani. Treni ilitoka Yangyang, ikapita hapa, ikaenda hadi Anbyeon, karibu na Wonsan, kule Kaskazini. Vita vikaikata njia hiyo, na nguzo zikabaki zimesimama mtoni miaka na miaka, hadi zilipotandikwa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu. Teremka kidogo uzitazame. Matundu ya risasi bado yapo kwenye zege, mengine mapana kiasi cha kuingiza ngumi.

Mchana nilikula Geojin. Zamani bandari hii iliishi kwa samaki aitwaye myeongtae, walikuwa wengi hata watu hawakufikiri wataisha. Walivuliwa hadi wadogo, bahari nayo ikapata joto, wakatoweka. Tangu 2019 ni marufuku kuwavua mwaka mzima. Supu niliyokunywa ilikuwa ya myeongtae aliyetoka Urusi. Mwenye mgahawa, bibi mwenye mikono iliyokauka kwa maji ya chumvi, aliniongezea wali kabla sijamaliza wa kwanza. Akauliza kwetu wapi, kama wazazi wangu wako hai, na kama nawapigia simu. Kisha akanisimulia habari za mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo alitoka Kaskazini akiwa msichana, mama yake akabaki. Wakorea hufanya ibada ya kumkumbuka marehemu kila mwaka, siku aliyofariki. Yeye hakuijua siku hiyo. Hakujua hata kama ameshafiwa. Mwishowe, mama yule alipokuwa hawezi tena kuwa hai kwa hesabu yoyote ya miaka, akaanza kumwandalia chakula tarehe 9 ya mwezi wa 9 wa kalenda ya zamani, siku ambayo familia nyingi zilizotenganishwa huwakumbuka wasiojulikana walikufa lini.

Nilishindwa kumalizia supu. Sisi Wadigo tuko pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Ukifika msiba Lunga Lunga, watu wa Tanga wanapanda gari, wanapita Horohoro, wanawahi mazishi. Wakichelewa, wanawahi hitima. Sikuwahi kuhesabu jambo hilo kuwa ni neema.

Hwajinpo nilipita upesi, ingawa ziwa lake ni zuri sana na nyumba aliyopumzikia Kim Il-sung, kiongozi wa kwanza wa Kaskazini, kabla ya vita bado iko juu ya kilima. Baada ya Daejin upepo wa milimani ulinipiga ubavuni hadi nikafika kituo cha kujiandikisha. Kutoka hapo kwenda jukwaa la kutazamia Kaskazini unaruhusiwa kwa gari tu. Baiskeli mwisho.

Agosti 2018 wazee walikusanyika Sokcho, wakapanda mabasi, wakapita barabara hii hii kwenda mlima Geumgang, kule Kaskazini, kuonana kwa siku chache na ndugu zao waliotenganishwa nao, kisha kila mtu akarudishwa kwake. Haijafanyika tena. Oktoba 2024 Kaskazini ikailipua barabara upande wake.

Nimesoma hoja za pande zote na sina la kuwafundisha wenyewe. Lakini kama ningeulizwa, ningeomba barabara hii itengenezwe na ifunguliwe kwanza kwa wafiwa, kabla ya watalii na kabla ya sisi wa baiskeli. Wapite, wazuru makaburi, waambiwe tarehe.