Siku duka lilipochelewa kufunguliwa

Januari 2021 nilikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi Lindi mjini, nalala chumba cha uani. Tarehe 19, natoka kuswali alfajiri, nikamkuta mzee mwenye duka sebuleni, macho mekundu, mbele ya runinga. Kazaliwa hapa hapa Lindi, lakini India ikicheza kriketi halali. Safari hii India ilicheza na Australia kule kwao, Brisbane, ambako wametutangulia kwa saa saba, hivyo mchezo ulianza sisi tukiwa usingizini.

"Kaa, mwanangu. Siku ya mwisho leo. Tunatafuta mikimbio 328 tushinde." Mkimbio ndiyo alama ya kriketi.

Akanisimulia ziara yenyewe. Mechi ya kwanza, Adelaide, India iliishia mikimbio 36 tu. Nahodha Virat Kohli akarudi nyumbani, mkewe karibu kujifungua. Mohammed Siraj alifiwa na baba yake wakiwa huko Australia, akabaki na timu, na jana yake alikuwa amewatoa wapigaji watano wa Australia. Melbourne walishinda, Sydney wakaambulia sare. Sasa wapo Gabba, uwanja wa Brisbane, ambako Australia haikuwa imepoteza mechi ya siku tano tangu 1988.

Aliyekuwa anapiga ni Cheteshwar Pujara. Mpira wa kriketi ni mgumu, na ulimpata kwenye helmeti, mwilini, kisha kidoleni, akaanguka chini kwa maumivu. Mzee akajishika kidole chake mwenyewe. Alikuwa amelipiga mistari daftari la mauzo, kila mpira usio na mkimbio anaweka nukta kwa penseli. Ukurasa ukajaa nukta, akafungua mwingine. Mipira 211, mikimbio 56! Watu humsifu mwenzake Rishabh Pant, na ile mikimbio 89 yake ilikuwa mitamu kweli, lakini mimi nashikilia kwamba bila Pujara kukubali kupigwa vile, Pant asingekuwa na cha kumalizia.

Saa mbili ikapita, duka limefungwa. Fundi mashua aliyevuka kutoka Kitunda, ng'ambo ya maji, akabisha hodi, anataka misumari.

"Ingia ndani, fundi. Misumari haiendi popote."

Akaingia, akasimama mlangoni. Haukupita muda naye anauliza, "Bado ngapi?"

Saa nne asubuhi ikiwa imeshapita, Pant akaupiga mpira moja kwa moja hadi mpakani. India imeshinda, wiketi tatu mkononi, yaani bado ilikuwa na nafasi tatu za kutolewa, na mfululizo wa mechi imeuchukua 2-1. Mzee alilia bila kujificha. Akampigia nduguye Dar, maneno yakagoma kutoka, ikabidi niishike mimi simu.

Fundi alipopimiwa misumari yake akauliza watacheza tena lini. Mzee akamwambia Februari, na Uingereza, Chennai, na huko mchezo unaanza asubuhi, avuke mapema.