Usukani Mzito, Pampu Inalia: Gari Letu la Viti Vinane Lilivyopona

Gari letu ni lile la viti vinane, milango ya kuburuta, injini imelala chini ya viti vya mbele. Kwa nyumba yenye watoto wanne na bibi yao, huwezi kunishawishi nichukue dogo. Ila uzito wa mbele ni mkubwa, na pawa stelingi, yaani pampu na oili zinazosaidia kukata usukani, ndiyo inayoubeba, hasa unapoegesha watu wakiwa wamejaa ndani. Ugonjwa ulianzia hapo hapo. Nikikata usukani kutoka getini asubuhi unakuwa mzito, na chini kunasikika mlio mrefu unaopanda kila nikikanyaga mafuta.

Fundi wa kwanza hakuangalia hata hiyo oili. "Mama, pampu imekufa hiyo, twende Gerezani tukatafute ya mtumba." (Gerezani ni ile ya Dar es Salaam, penye maduka ya vipuri.) Wa pili akasema ni raki, kile chuma kinachogeuza tairi ukikata usukani, akataja bei ya kulipa ada ya muhula mzima. Sikukubali lolote kati ya hayo. Pampu na raki ni vipuri vya gharama. Anayetaka nivinunue lazima anionyeshe kwanza kwamba vyangu vimeharibika.

Tulianza na vya bure. Upepo wa tairi za mbele: uko sawa (zikipungua upepo, gari kubwa huwa zito kukata kona kuliko unavyodhani). Fenibelti, mkanda unaozungusha pampu: haijalegea wala haina nyufa. Sakafu ya tunapoegesha: kavu kabisa, hakuna tone. Hilo la sakafu ndilo lililonisumbua akili, maana kiwango cha oili kilikuwa kinashuka, ingawa kidogo tu.

Jibu nililipata kwa fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu. Alifungua kifuniko cha kopo la oili ya usukani injini ikiwa inanguruma, akaniita. "Njoo uone mwenyewe, mwanangu." Oili ilikuwa imejaa povu kama maji ya kufulia. Akazima injini, na kiwango kikapanda chenyewe. Oili haishindiliki, akanieleza, lakini hewa inashindilika; injini ikizimwa, hewa iliyobanwa mle inatanuka na kuinua oili. Kupanda kidogo si tatizo, vitabu vya ufundi vya magari mengi ya Kijapani huruhusu kama milimita 5. Yetu ilizidi sana. Pampu ilikuwa inalia kwa sababu inameza hewa.

Hewa inapita wapi kama hakuna kuvuja? Mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye raki una shinikizo kubwa, ukipasuka oili inaruka nje. Lakini ule unaotoka kwenye kopo kuingia kwenye pampu unavutwa. Ukikakamaa au klipu ikilegea, unafyonza hewa bila kudondosha kitu. Wa kwetu ulikuwa mgumu kama mbao, na chujio dogo lililo chini ya kopo lilikuwa limezibwa na tope jeusi. Chujio likiziba, pampu inavuta kwa nguvu zaidi, na hewa inapata njia.

Tukanunua mpira mpya wa kuhimili oili, klipu mbili, na kopo lingine kwa sababu chujio la kwetu halitoki. Aina ya oili tuliisoma kwenye kifuniko cha kopo. Magari mengi ya zamani ya Kijapani hutumia ATF ile ile ya giaboksi ya otomatiki, lakini mengine yana oili yake maalumu. Mafuta ya breki usiweke kamwe, yanaharibu sili, zile raba za kuzuia oili isivuje.

Kutoa hewa ndiyo kazi iliyotaka subira. Tuliinua mbele kwa jeki, tukaweka stendi. Injini ikiwa imezimwa, nikazungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, tena na tena, kijana wangu akiongeza oili kila ikishuka. Povu lilipoisha ndipo tukawasha. Hata baada ya hapo, usukani ukifika mwisho usiushikilie hapo, shinikizo linapanda na oili inachemka.

Tulipanda nalo Lushoto, kona zote zile za kutoka Mombo hadi Soni, watu saba na magunia nyuma, na lilikata bila kulia. Pampu ni ile ile iliyoambiwa imekufa. Na lau tungenunua ya Gerezani, tungeifunga kwenye mpira ule ule mbovu, nayo ingeanza kulia siku hiyo hiyo.