Nilivyomtengenezea mwanangu konka isiyopasuka

Mwanangu alirudi kutoka shule siku moja ya mwisho wa Septemba, macho mekundu, mkononi ameshika kamba ya kiatu tupu. Konka yake imevunjwa kwa pigo la kwanza. "Mama, ya kwangu ilikuwa laini," akasema, kisha akaenda kujifungia chumbani. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye komwe za bao la babu. Nikasema mbegu ya mti hainishindi.

Kwa asiyeishi Uingereza: konka ni mbegu ya mti mkubwa wa hosichesnati, ulioletwa huku kutoka Balkani karne nyingi zilizopita. Tunda lake ni ganda la kijani lenye miiba mifupi, kama la komwe kwetu. Likianguka linapasuka, na ndani mna mbegu ya kahawia inayong'aa kama kabati la mninga lililopigwa vanishi jana. Unaitoboa, unapitisha kamba, unafunga fundo. Mwenzio ananing'iniza yake bila kuitikisa, wewe unaipiga kwa yako mara tatu, halafu mnabadilishana. Inayovunjika imeshindwa.

Mama yangu akaniuliza kwenye simu, "Sasa mwanangu, mnazichemsha au mnazichoma?" Mama, haziliwi! Zina sumu. Chesnati zinazoliwa ni za mti mwingine kabisa, na ganda lake lina miiba mingi myembamba kama mgongo wa nungunungu. Mgeni yeyote mwenye watoto hapa alijue hilo kabla ya yote.

Kazini kila mtu aligeuka fundi. Mmoja akaniambia loweka kwenye siki usiku kucha. Mwingine, kwa uhakika wote, akasema zioke, zitakuwa jiwe. Nikamwamini wa oveni. Nikapanga konka 12 kwenye sinia, moto wa wastani, nikaenda kukunja nguo. Baada ya dakika kama 20 nikasikia mlio kama bisi. Tano zilikuwa zimepasuka katikati. Zilizobaki ganda lilikuwa limekauka na kuachana na nyama yake, ukiitikisa unasikia inacheza ndani. Nikaitoboa moja kwa msumari uliopashwa moto, ushauri wa huyohuyo bwana, ikagawanyika mikononi mwangu vipande viwili, na msumari ukanichoma kiganja. Za siki nazo zilikuwa ngumu kwa nje, lakini pigo la pili tu zikameguka. Jikoni kulinuka achari siku tatu. Nilikasirika sana, kwa sababu watu wanarudia maneno haya mwaka hadi mwaka na hakuna aliyejaribu.

Aliyenisaidia ni mzee jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambaye miaka yake imepita 80. Baba yake alikuwa mwanafunzi mwaka 1917, serikali ilipowatuma watoto wa shule kuokota konka kwa magunia ili itengenezwe asetoni ya kuundia baruti za vita. Mzee akanitazama na sinia langu, akasema tatizo si kuzikausha, tatizo ni kuchagua na kutoboa.

Basi Jumamosi, baada ya usiku wa upepo, tukaenda asubuhi mapema kwenye miti iliyo kando ya makaburi ya kanisa. Usirushe fimbo juu ya mti kama wafanyavyo wengine. Unavunja matawi bure, na zinazoanguka huwa changa, nyeupe ndani ya ganda. Miti yenyewe ilikuwa na majani ya kahawia tangu Agosti, nikidhani inakufa. Kumbe ni kazi ya viwavi vya nondo mdogo aliyeonekana Uingereza mara ya kwanza mwaka 2002, kule Wimbledon. Mti haufi, ila mbegu zinakuwa ndogo, kwa hiyo ilibidi tuokote nyingi. Tulijaza ndoo nusu.

Nyumbani tukamimina maji ndani ya ndoo hiyohiyo. Zinazoelea, tupa: ndani zimeoza au zina uwazi. Zilizozama ndizo. Kati ya mamia tukabaki na kama 40, na katika hizo nikachagua zenye umbo sawa kila upande, zisizo na mkwaruzo hata mmoja.

Halafu kutoboa. Nilinunua kekee ndogo ya mkono kwa bei ya chai mbili za mkahawani. Konka nikaibana kwenye jiriwa, nikiizungushia kitambaa isichubuke, nikaanzia kwenye doa jeupe, pale ngozi ilipo laini, nikazungusha polepole sana na kupuliza unga kila mara. Ukiharakisha, ufa unaanzia ndani na huuoni mpaka siku ya mchezo. Tundu liwe jembamba, kamba ipite kwa kubanwa. Niliharibu nne, ya tano ikatoka safi kama shanga. Ile siku sikulala kwa furaha.

Shuleni Jumatatu akaanza na mtoto ambaye konka yake ilikuwa imeshavunja nne. Hesabu yao ni hii: ukimvunja mwenzio unapata moja, na unarithi alizokuwa nazo. Ya mwanangu ikatoka sifuri ikawa tano papo hapo. Jumatano ilikuwa tisa. Alinisimulia kila pigo, akionyesha kwa mkono, chakula kikapoa mezani.

Sasa ameuliza kuhusu mashindano ya dunia, ambayo yamefanyika hapa Northamptonshire tangu 1965, Jumapili ya pili ya Oktoba. Nikamweleza kwamba pale waandaaji ndio wanaotoa konka na kamba, huji na yako. Akanyamaza kidogo. Kisha akachukua konka tatu nzito zilizobaki, akazifunga kwenye soksi, akaziweka ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda zikomae mpaka mwakani.