Nilivyotengeneza bangili ya kupunguza stresi chuoni, na kwanini nilizitoa sensa zote

Projekti yangu ya mwaka wa mwisho hapa Dar ilikuwa bangili ya kumsaidia mwanafunzi akishikwa na wasiwasi, na kila niliyemwambia alidhani naongelea saa inayokwambia "leo stresi yako imepanda". Ni kweli plani iliyopitishwa na supavaiza ilikuwa hiyo, ila bangili wanayovaa washkaji mpaka leo haipimi kitu chochote, inatetema tu kwa mpangilio. Naeleza ilivyofikia hapo maana najua kuna madogo wanataka projekti kama hii na kitu cha kwanza watakimbilia kununua sensa.

Aliyesoma chuo anajua wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Una mitihani inafuatana, bumu (hela ya mkopo) halijatoka, sapu (mtihani wa kurudia) ya mwaka jana bado inakudai, na nyumbani wanaomba usidisko, yaani usifukuzwe chuo kwa kufeli, maana ukoo mzima umechanga ufike hapo. Chumbani kwetu ilikuwa saa nane usiku mtu yuko macho anaangalia dari, moyo unamwenda mbio, daftari liko kifuani hata halisomi.

Kwenye vitabu mambo ni mepesi. Mtu akiingiwa na wasiwasi moyo unaongeza kasi, viganja vinatoa jasho, na jasho likitoka ngozi inapitisha umeme vizuri zaidi, vyote hivyo vinapimika. Fitbit walitoa saa yao ya Sense mwaka 2020 yenye kipimo cha umeme wa ngozi, kwaiyo si mambo ya kufikirika. Nikaenda Kariakoo nikachukua ESP32 (ka kompyuta kadogo ka kuendesha kifaa), sensa ya mapigo ya MAX30100, sensa ya jasho ile ya kuvaa vidoleni, na ka mota kanakofanya simu ivibreti nikakapata kwenye simu mbovu kwa fundi mmoja mtaa wa Aggrey.

Sasa hizi bodi za bei chee za MAX30100 zina ugonjwa wake. Rezista za laini za mawasiliano zimefungwa kwenye volti 1.8 wakati ESP32 inatumia 3.3, kwaiyo inakwambia hamna kilichounganishwa, na wewe unakesha unalaumu programu yako. Dawa yake unazing'oa zile rezista tatu kwa ncha ya solda, taratibu maana ni ndogo kama punje za mchanga, alaf unaweka zako za kiloohmu 4.7 kwenda kwenye 3.3. Baada ya hapo inasoma bila shida.

Inasoma, ila inasoma nini? Sensa ya jasho ukiivaa Dar mwezi wa kwanza, chumba kimejaa vitanda vya deka na feni ni moja, kila mtu ana wasiwasi kwa mujibu wake, hata aliyelala fofofo. Maabara kuna AC, hosteli hakuna. Mapigo nayo, mtu kapanda ngazi mpaka juu, bangili inamwambia atulie. Nikaongeza sensa ya mwendo, MPU6050, ili mtu akitembea isipime, ikasaidia kidogo. Alaf hiyo MAX30100 inatumia taa nyekundu na infraredi, ukiiweka kwenye ncha ya kidole inasoma vizuri sana ila kwenye kifundo cha mkono ukigeuza tu karatasi namba zinaruka, ndo maana saa nyingi za dukani wanatumia taa ya kijani ambayo haisumbuliwi sana na mkono kucheza.

Yote hayo yana ufumbuzi ukiwa na muda na hela. Kilichoniamua ni dada mmoja wa kozi nyingine aliyekubali kuivaa. Akanirudishia.

"Kaka, chukua hii kitu yako, inaniongezea."

Nikamwambia si ndo kazi yake, ilikuona una presha.

"Sikuwa na presha mi! Nilikuwa nasoma fresh, ikavibreti, nikaanza kujiuliza nina nini. Hapo ndo moyo ukaanza."

Sikuwa na la kumjibu. Mtu mwenye wasiwasi tayari anajikagua masaa yote, ukimpa na kifaa cha kumkagua umemuongezea askari. Hata kama sensa ingekuwa sahihi asilimia mia, kumwambia mtu "una stresi" usiku wa kuamkia mtihani hakumsaidii, anajua.

Nikaacha kupima, nikabaki na kusaidia. Moyo huwezi kuuamuru upunguze spidi, ila pumzi unaiweza, na viwili hivyo vinaenda pamoja: ukivuta pumzi moyo unakaza mwendo kidogo, ukitoa unapunguza, ni kazi ya neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo mpaka moyoni. Kwaiyo ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyovuta, ukaenda kama pumzi sita kwa dakika, mwili unaanza kutulia wenyewe. Bangili ikawa na kitufe kimoja. Ukibonyeza, mota inaanza kwa mtetemo mdogo unaopanda kwa sekunde 4, hapo unavuta, alaf unashuka polepole kwa sekunde 6, unatoa. Baada ya dakika tano inazima yenyewe. Hamna skrini wala namba, simu haihusiki. Unaweka mkono chini ya meza ukisubiri zamu yako ya presentesheni na jirani hajui kitu.

Kwa wanaotaka kuunda: mota msiiunge moja kwa moja kwenye pini ya ESP32, inavuta umeme kuliko pini inavyoweza kutoa. Weka transista 2N2222, rezista ya kiloohmu 1 kwenye besi, na dayodi kinyume kwenye mota. Na betri tafadhali hapa msilete mchezo, hii kitu iko kwenye ngozi ya mtu. Ile bodi ya kuchajia ya TP4056 inakuja imesetiwa ampea 1, ni nyingi mno kwa kibetri cha milliampea-saa 150. Badilisha ile rezista ya kiloohmu 1.2 uweke ya 10, chaji inashuka mpaka kama milliampea 130. Ndio itachelewa kujaa, acha ichelewe.

Muonekano ulinipa kazi kuliko umeme. Jamaa mmoja aliniambia kabisa, "mwanangu nikivaa hiyo watasema nimechanganyikiwa". Hakuna anayetaka kifaa kinachomtangaza. Fundi cherehani wa mtaani kwetu akanishonea mikanda ya kitenge yenye lastiki, mingine nyeusi tupu kwa wasiopenda marangi, boksi likajificha ndani ya mshono. Mabinti wakaanza kuulizia kama urembo tu, nikajua tumefika.

Kwenye utetezi wa projekti mwalimu mmoja akashauri bangili itume taarifa ofisini ili chuo kijue nani ana hali mbaya. Nia nzuri, nilikataa. Taarifa za afya ni nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo sheria, mwanafunzi akijua mkono wake unaripoti ataivua siku hiyo hiyo. Bangili isiyokusanya kitu haina cha kuvujisha. Sura ya sensa ilibaki kwenye ripoti kama matokeo, ikapita.

Ndani ya chumba cha mtihani haiingii, vifaa vya umeme marufuku, na mimi naona sawa. Wanaoitumia nawaambia waifanyie mazoezi kila siku wakati wametulia, mwili ukishazoea huo mwendo watahesabu kwa vidole tu. Na mtu ambaye halali wiki nzima, hali chakula, au anawaza kujidhuru, huyo bangili si yake, mshikeni mkono mumpeleke kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali, msimuache peke yake.

Sasa hivi ESP32 naitoa, waifai yake haina kazi tena na inakula betri bure. Nahamia ATtiny85, chipu ndogo yenye miguu minane, inatosha kuendesha kitufe na mota, na boksi litapungua karibu nusu. Kinachonisumbua bado ni jasho kuingia kwenye tundu la chaji, nikipata kifuniko cha mpira kinachokaa sawasawa nitaanza kutengeneza nyingine za wale walioagiza.