Mama mdogo alitaka kitabu kingine cha Bwana Msa

Mwaka jana mama yangu mdogo, mwalimu mstaafu anayeishi Tanga, alimaliza kwa mara ya tatu kusoma Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla yenye mpelelezi Bwana Msa, katika nakala aliyoitunza tangu usichana wake na ambayo jalada lake sasa limeshikiliwa na gundi ya karatasi. Akanipigia simu. "Mwanangu, si wewe ndiye mtu wa kompyuta? Nitafutie kingine cha Bwana Msa, maana najua vipo." Nilimwahidi kwamba baada ya siku mbili angekuwa na jibu, nikiamini kuwa kwa kazi hiyo siku mbili ni nyingi.

Zilipita wiki mbili. Katika tovuti moja kubwa ya nje inayoorodhesha vitabu vya dunia nzima, nilimkuta Muhammed Said Abdulla akiwa watu watatu tofauti, kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa kwa tahajia tatu, na kila mmoja wa hao watatu alikuwa na kitabu kimoja au viwili visivyo na picha ya jalada wala sentensi moja ya maelezo. Hapakuwa na mahali palipoeleza kwamba riwaya ile ya mwaka 1960 ilifuatwa na Kisima cha Giningi mwaka 1968, na kwamba mpelelezi ni yuleyule mwenye kiko chake. Mwishowe nilikwenda kwa mzee mmoja anayeuza vitabu vilivyotumika katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu, naye akanitajia vitabu vyote vya Bwana Msa kwa mpangilio wa miaka vilipotoka bila kutazama karatasi yoyote. Ilimchukua dakika moja.

Jukwaa la mtandaoni la vitabu vya Kiswahili ambalo mimi na rafiki zangu wawili tunalijenga lilianzia kwenye dakika hiyo. Husemwa mara kwa mara kwamba vitabu vya Kiswahili ni vichache, au kwamba Waswahili hawasomi, na mimi sikubaliani na kauli zote mbili. Vitabu vipo na wasomaji wapo, ila habari za vitabu zimekaa vichwani mwa watu kama yule mzee, na siku wakiondoka zitaondoka nao. Kazi ya jukwaa letu ni kuzitoa habari hizo vichwani na kuziweka mahali ambapo mtu mwenye simu na bando dogo anaweza kuzifikia.

Upande wa programu sina mengi ya kusimulia. Njia ilikwisha kuonyeshwa na tovuti za wasomaji wa vitabu zilizotutangulia: LibraryThing tangu 2005, Goodreads tangu 2007, na The StoryGraph, ambayo Nadia Odunayo aliianza mwaka 2019 akiandika msimbo wake mwenyewe, jambo lililotutia moyo sana sisi tusio na mtaji. Kilichotushughulisha, na kinachotushughulisha hadi leo, ni kukieleza kitabu kimoja kimoja kwa usahihi.

Tuanze na majina. Mifumo mingi ya vitabu imejengwa juu ya desturi kwamba kila mtu ana jina la ukoo, na kwa jina hilo ndipo hupangwa. Sasa mweke pamoja Said Ahmed Mohamed, aliyeandika Utengano, na Mohammed Suleiman Mohammed, aliyeandika Kiu. Wote wawili ni Wazanzibari, wote ni waandishi wa riwaya, na mfumo wa namna hiyo utawapanga bega kwa bega chini ya "Mohamed" kana kwamba ni ndugu, ilhali jina la mwisho la Mzanzibari kwa kawaida ni la babu yake. Tuliamua kupanga kwa jina la kwanza, kama watu wenyewe wanavyoitana, na kuhifadhi chini ya kila mwandishi tahajia zote ambazo jina lake limewahi kuchapishwa nazo. Shaaban Robert na Shaban Robert wakawa mtu mmoja.

Kisha kuna namba. Jioni nyingi nimekaa mkekani na boksi la vitabu, nikipangusa vumbi, nikifungua ukurasa ulio nyuma ya ule wa jina la kitabu, nikipiga picha na kunakili. Vitabu vya miaka ya 1980 vilivyochapishwa Tanzania huwa na ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, ya tarakimu 10 inayoanza na 9976, na vya Kenya huanza na 9966. Tangu mwaka 2007 namba hizi zina tarakimu 13, kwa hiyo naweka 978 mbele na kukokotoa upya tarakimu ya mwisho: tarakimu zilizo katika nafasi ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea hivyo huzidishwa kwa 3, na jumla ya zote lazima igawanyike kwa 10. Isipogawanyika, ama nimekosea mimi ama alikosea mchapaji, na yote mawili yametokea. Vitabu vya kabla ya mwaka 1970, ambapo ISBN ilikuwa bado si kiwango cha kimataifa, kwa kawaida havina namba hiyo. Mfumo unaotegemea namba pekee hauwezi kuvitambua, kwa hiyo tumevipa utambulisho wetu wenyewe.

Kutafuta nako kulitufundisha mengi. Programu nyingi za kutafutia zimetengenezwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni, na Kiswahili hubadilika mwanzoni. Mtu akiandika "mtoto" anastahili kuletewa Watoto wa Mama N'tilie, lakini ukiiamuru mashine ikate "wa" kila inapoliona, hata "wali" utabaki "li". Ilitubidi tuandike kwa mkono orodha ya nomino na wingi wake, jino na meno, ukuta na kuta, mwizi na wezi, na orodha hiyo bado inaendelea. Hicho kibainishi, yaani alama ya ', katika N'tilie nacho kina alama mbili tofauti kwenye simu, na wengine hawakiandiki kabisa. Njia zote tatu lazima zifike kwenye kitabu kilekile. Vivyo hivyo anayetafuta "utenzi" aletewe na "utendi", kwa kuwa washairi wa Lamu na Pate hawakukosea. Na aliyesikia kwamba Abdulrazak Gurnah alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 akaandika "Paradise", anapaswa kuikuta Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022.

Wengi hutuuliza kuhusu mapendekezo, yaani ile sehemu inayomwambia msomaji kwamba waliopenda kitabu hiki walipenda na kile. Tuliijaribu tukaiondoa. Kwetu karibu kila mtu amesoma vitabu teule vya shule, na amevisoma kwa sababu ya mtihani, hivyo hesabu ile ilimpendekezea kila mmoja vitabu ambavyo tayari alilazimishwa kuvisoma akiwa kidato cha tatu. Tulijaribu pia akili unde ituandikie muhtasari wa kila kitabu, nayo ikatuletea wahusika ambao hawamo kitabuni, na kwa kitu kama hicho sitamdanganya msomaji. Sasa maelezo yanaandikwa na mtu aliyekisoma kitabu: kinaanzaje, lugha yake ni ya lahaja gani na ina ugumu kiasi gani, kinafanana na kipi, na kinapatikana wapi. Mama mdogo ametuma maelezo ya vitabu 26 kwa sauti kupitia WhatsApp, na mimi nayaandika kama alivyoyasema, pamoja na ukali wake dhidi ya riwaya zinazoua wahusika ovyo.

Kisima cha Giningi alikipata, kwa yule mzee. Alikisoma kwa siku mbili.

Wiki hii nashughulikia tafsiri za Mwalimu Nyerere. Tamthilia ileile ya Shakespeare aliitoa kwanza mwaka 1963 kwa jina Julius Caezar, kisha akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari, na nataka ukurasa wake uonyeshe matoleo yote mawili, kila moja na jalada lake. Ninalo la 1969 tu. Mwenye lile la 1963 kabatini, naomba anipigie picha jalada na ule ukurasa wa nyuma ya jina, hata kama umeliwa na mchwa.